Ukarabati wa nyumba ya kuuza: kazi zinazorudisha pesa na zinazoimeza

Mnunuzi akiona doa la maji darini, hapunguzi bei ya bati moja na ufundi wa asubuhi moja. Hupunguza bei ya paa zima, kwa sababu hajui maji yamefika wapi: kwenye mbao za kenchi, kwenye nyaya za umeme, au ndani ya ukuta. Mnunuzi huyohuyo akiingia jikoni na kukuta kaunta mpya ya graniti, haongezi bei yote ya graniti, maana rangi ile hakuichagua yeye. Shaka hukatwa kwa ukubwa wake wote unaowezekana, pambo hulipwa sehemu tu.

Ndiyo maana hukumu ya jozi nyingi za kazi zinazolinganishwa hapa inaelemea upande mmoja. Penye maji, fanya kazi yote hadi kwenye chanzo. Penye urembo, chagua kazi ndogo na uifanye kwa usafi. Wauzaji wengi hufanya kinyume: wanapaka rangi juu ya ukuta wenye unyevu, kisha pesa iliyobaki wanaimalizia kwenye kabati.

Nchini Marekani hutolewa kila mwaka ripoti inayolinganisha gharama za ukarabati na kiasi ambacho wataalamu wa mauzo ya nyumba wanakadiria kitarudi. Katika ripoti ya 2024, kubadilisha mlango wa gereji kulikadiriwa kurudisha karibu asilimia 194 ya gharama, ukarabati mdogo wa jiko karibu asilimia 96, na jiko jipya la kifahari karibu asilimia 38. Tarakimu hizo ni za soko lao, tena ni makadirio, kwa hiyo usizihamishie kwenye nyumba yako kama zilivyo. Cha kuzingatia ni mpangilio: kitu kidogo kinachoonekana kutoka barabarani kilishinda, na kadiri jiko lilivyozidi kuwa la kifahari ndivyo sehemu iliyorudi ilivyopungua.

Ukuta wenye unyevu: rangi ya kuzuia maji au kuondoa chanzo

Rangi ya kuzuia maji ni rahisi, hukamilika kwa siku mbili, na hushindwa karibu kila mara ikipakwa upande wa ndani wa ukuta unaonyonya maji. Maji yaliyo ndani ya tofali yanatafuta njia ya kutoka. Yakizuiwa mbele, husukuma rangi na kuiinua malengelenge, au hupanda juu zaidi na kutokea pale rangi ilipoishia. Mnunuzi mzoefu akiona ukuta umepakwa upya mita moja ya chini tu, anajua anachofichwa.

Kabla ya kutumia hata senti, jua unyevu ni wa aina gani. Kata karatasi ya nailoni nene au foili ya sentimita 50 kwa 50, ibandike ukutani kwa utepe pande zote nne bila kuacha mwanya, uiache saa 24 hadi 48. Matone yakiwa upande wa chumba, ni mvuke wa ndani unaogeuka maji ukutani, na dawa yake ni kuingiza hewa. Yakiwa nyuma ya karatasi, maji yanatoka ukutani kwenyewe. Unyevu unaopanda kutoka ardhini kwa kawaida hauvuki mita moja hadi moja na robo, na huacha mstari wa chumvi nyeupe. Doa lililo juu zaidi ya hapo linatokana na bomba, dirisha, ufa wa nje au paa.

Unyevu unaopanda mara nyingi husababishwa na udongo uliorundikwa nje mpaka ukapita tabaka la kuzuia unyevu lililo juu ya msingi. Bustani imeinuliwa, njia imemwagwa zege, na tabaka limefukiwa. Chimba uishushe ardhi iwe angalau milimita 150 chini ya tabaka hilo, kisha uipe mteremko wa kuondoka nyumbani, sentimita 15 ndani ya mita 3 za kwanza. Kwa nyumba nyingi kazi ni jembe na toroli tu. Baada ya hapo, bandua lipu iliyooza hadi sentimita 30 juu ya mstari wa doa, maana chumvi iliyobaki ndani ya lipu ya zamani huendelea kuvuta unyevu hata chanzo kikishaondoka. Chumvi iliyo juu ya ukuta ipigwe brashi kavu. Ukiiosha kwa maji huyeyuka na kurudi ndani.

Ubaya wa njia hii ni muda. Kanuni ya mafundi ni mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene wa ukuta uliolowa, kwa hiyo ukuta wa milimita 150 unaweza kuhitaji miezi sita kukauka kabisa. Kama unauza mwezi ujao, shusha ardhi, bandua lipu, acha tofali wazi, na umweleze mnunuzi kilichofanyika. Ukuta ulio wazi ukiwa na maelezo humtisha mnunuzi kidogo kuliko rangi mpya iliyoanza kuvimba.

Paa: kuziba au kuezeka upya

Kuezeka upya ni moja ya kazi ghali kabisa, na ni mara chache mnunuzi atakulipa yote. Anaona paa lisilovuja kuwa haki yake, kama alivyo na haki ya mlango unaofungika. Kwa hiyo swali ni kama paa lililopo linaweza kuaminika.

Anza darini, mchana wa jua kali, taa zikiwa zimezimwa. Kila tundu litaonyesha nukta ya mwanga. Kumbuka kuwa doa la darini haliko chini ya tundu moja kwa moja: maji hutiririka juu ya ubao wa kenchi kabla ya kudondoka, na tundu lenyewe liko upande wa juu wa mteremko. Bila mvua, tumia mpira wa maji, uanzie chini na kupanda taratibu, dakika kadhaa kila sehemu. Ukianzia juu, maji yatashuka na kuingia sehemu nyingine, nawe hutajua ni ipi iliyovuja.

Chukua bisibisi uichome kwenye mbao, hasa karibu na ukuta na chini ya kofia ya paa. Ikizama milimita tano au zaidi bila nguvu, ubao umeoza. Funga uzi kutoka mwanzo hadi mwisho wa boriti uone kama imelegea katikati. Mbao zikiwa nzima na kutu ikiwa ya sehemu chache, ziba. Mbao zikiwa zimeoza mahali pengi, kuziba ni kupoteza pesa, kwa sababu skrubu mpya hazitashika.

Kazi ya kuziba yenyewe ina mambo matatu ambayo wengi huyakosea. La kwanza ni misumari. Msumari wa zamani uliolegea usipigiliwe tena. Uchomoe na uweke skrubu nene zaidi, ya milimita 6.3, yenye washa ya mpira. Kwenye mabati ya mawimbi, skrubu iingie juu ya mgongo wa wimbi, kamwe si bondeni mahali maji yanapopita. Ikazwe hadi washa ibanwe kidogo tu, maana ikibinuka nje ya kofia yake imeshaharibika na itapasuka kwa jua. La pili ni maungio. Bati la juu lilalie la chini milimita 150 kwenye paa kali, na 200 au zaidi kwenye paa lililolala, la sivyo upepo husukuma maji kupanda. La tatu ni rangi. Rangi ya mafuta ya kawaida ikipakwa moja kwa moja juu ya bati lenye zinki hubanduka kwa mapande, kwa sababu mafuta yake hukutana na zinki na kufanya sabuni nyembamba chini ya rangi. Tumia praima (rangi ya msingi) ya mabati ya zinki kwanza.

Usisahau mifereji ya paa. Ikiziba, maji humwagikia ukutani na kurudisha unyevu uliotoka kuutibu. Mteremko wa milimita 3 hadi 5 kwa kila mita unatosha. Mvua ya milimita 20 juu ya paa la mita za mraba 100 ni lita 2,000 za maji, na yote lazima yawe na pa kwenda, ama kwenye tangi ama mbali na msingi.

Rangi, kazi inayoshinda kwa gharama

Hakuna kazi ya urembo inayoikaribia rangi kwa uwiano wa gharama na kinachorudi, mradi ukuta uwe mkavu. Vigae vya ukuta mzima sebuleni, karatasi za ukutani na mapambo ya jipsamu yenye ngazi tatu hugharimu mara kadhaa ya rangi, na kila kimoja humfanya mnunuzi ahesabu gharama ya kukiondoa. Rangi isiyompendeza ataibadilisha kwa wikendi moja, naye anajua hivyo.

Hesabu yake ni rahisi. Chumba cha mita 4 kwa 3.5 chenye urefu wa mita 2.8 kina ukuta wa mita za mraba 42. Toa mlango na dirisha, baki 38. Lita moja ya rangi ya maji hufunika takriban mita 10 za mraba kwenye ukuta laini uliokwishapakwa, kwa hiyo mikono miwili ni karibu lita 8. Lipu mpya hunywa rangi zaidi, na mkono wa kwanza uongezwe maji asilimia 10 hadi 20 ili uingie ndani badala ya kukauka juu kama ngozi. Lipu mpya ya saruji isubiri siku 28. Kabla ya hapo ina alikali kali ambayo hula rangi na kuacha mabaka.

Penye kushindwa ni maandalizi. Pitisha kiganja ukutani: kikitoka na unga, rangi mpya itashika unga na si ukuta. Osha, kausha, paka praima ya kufunga unga. Nyufa nyembamba zipanuliwe kidogo kwa ncha ya mwiko ndipo zijazwe puti, kwa sababu puti iliyopakwa juu ya ufa mwembamba haina pa kushika. Piga msasa namba 120 kisha 180, futa vumbi. Chagua nyeupe yenye joto kidogo au kijivu chepesi kwa nyumba nzima, na rangi isiyong'aa kwenye kuta zenye mabonde. Inayong'aa huyaonyesha yote.

Jiko: milango, kaunta, au jiko jipya

Jiko ndilo linalomeza pesa za wauzaji wengi. Kuna ngazi tatu.

| Kazi | Kinachobaki | Muda | Kosa la kawaida |
|---|---|---|---|
| Kupaka milango ya kabati, bawaba na vishikio vipya, bomba jipya la sinki | Kabati, kaunta, mpangilio wote | Siku 4 hadi 7 pamoja na kukausha | Kupaka melamini (ngozi ngumu ya plastiki juu ya ubao) bila praima ya kushikiza |
| Kaunta mpya na sinki mpya juu ya kabati za zamani | Kabati na mabomba | Wiki 1 hadi 2, kutegemea ukataji | Kabati dhaifu chini ya jiwe zito |
| Jiko jipya lote | Kuta tu | Wiki 3 hadi 6 | Kuhamisha sinki mbali na bomba la maji machafu |

Kwa nyumba ya kuuza, ngazi ya kwanza inashinda karibu kila mara, ila ina sharti moja: masanduku ya kabati yawe mazima. Fungua mlango wa chini ya sinki ubonyeze ubao wa chini kwa kidole. Chipbodi iliyovimba haina tiba. Badilisha kipande hicho kwa plaiwudi ya kuhimili maji na uzibe kingo zake zote kwa rangi au silikoni kabla ya kukifunga.

Milango iliyofunikwa kwa melamini haishiki rangi ya kawaida, hubanduka kwa ukucha. Osha mafuta ya kupikia kwa sabuni kali, suuza, piga msasa namba 180 hadi mng'aro uishe, paka praima ya kushikiza, kisha mikono miwili ya rangi ngumu. Iache siku kadhaa kabla ya kuifunga, maana rangi iliyokauka juu bado ni laini ndani, na milango itagandana na fremu. Bawaba za kisasa huingia kwenye tundu la milimita 35 lenye kina cha milimita 12 hivi. Mlango usiozidi sentimita 90 unatosha bawaba mbili, mrefu zaidi ya hapo tatu. Skrubu ikiwa imekula tundu lake kwenye chipbodi, toboa milimita 10, gundisha kijiti cha mbao, kata sawa na ubao, ufunge upya.

Ngazi ya pili inafaa pale kaunta imepasuka au imeungua kwa dhahiri. Kumbuka uzito: graniti ya milimita 30 ina karibu kilo 80 kwa mita ya mraba, ya milimita 20 karibu 54. Kaunta ya mita 3 kwa sentimita 60 ya jiwe nene ni zaidi ya kilo 140. Ikikalia kabati zisizo sawa hupasuka kwenye kona ya tundu la sinki, sehemu yake nyembamba kuliko zote. Pima kwa pima maji na uweke vipande vya kusawazisha kabla jiwe halijaletwa.

Ngazi ya tatu ifanywe tu pale jiko halifanyi kazi: njia ya kupita ni chini ya sentimita 90, hakuna pa kuweka friji, au sinki iko chumba kingine. Hapo unatibu kasoro. Kaunta iwe na urefu wa sentimita 90 hivi kutoka sakafuni na upana wa 60, kabati za juu zianze sentimita 45 hadi 60 juu yake. Vipimo hivi vya kawaida vina faida nyingine: majiko na friji atakazoleta mnunuzi vitaingia.

Bafu: kufufua lililopo au kuongeza la pili

Hapa kazi kubwa inaweza kushinda. Nyumba ya vyumba vitatu au vinne yenye bafu moja hushindana na nyumba za bei ya chini, na bafu la pili huihamishia kwenye kundi jingine la wanunuzi. Nyumba yenye bafu mbili tayari hainufaiki hivyo na la tatu.

Lakini amua baada ya kupima bomba. Choo kinahitaji bomba la milimita 100 au 110 lenye mteremko wa kutosha. Ukitumia sentimita 2 kwa kila mita na umbali hadi chemba ukiwa mita 6, bomba litashuka sentimita 12. Ongeza unene wa bomba lenyewe na unahitaji sentimita 23 chini ya sakafu. Kama chemba iko juu ya hapo, utalazimika kuinua sakafu ya bafu au kuhamisha chemba, na hesabu yote ya faida inavunjika. Bafu jipya linaloshiriki ukuta na bafu la zamani au jiko hugharimu kidogo sana kuliko lililo upande wa pili wa nyumba.

Sakafu ya bafu jipya ipakwe tabaka la kuzuia maji mikono miwili, wa pili ukikatiza wa kwanza, na lipande ukutani sentimita 15, ila penye bafu la manyunyu lifike karibu mita 2. Kona ziwekewe utepe wa nyuzi. Kisha ziba tundu la maji, jaza sentimita chache za maji, na uache saa 24 kabla ya kigae hata kimoja kuwekwa. Fundi anayekataa jaribio hili atafutiwe mbadala. Mteremko kuelekea tundu uwe sentimita 1 hadi 2 kwa mita. Gundi ya vigae ipakwe kwa mwiko wa meno na ijaze karibu mgongo wote wa kigae penye maji. Madonge matano ya gundi, manne kwenye kona na moja katikati, huacha mifuko ya hewa inayojaa maji na kufanya kigae kilie kitupu.

Kufufua bafu la zamani ni kazi ya siku tatu au nne. Gonga kila kigae kwa sarafu, kinacholia kitupu kitolewe. Grauti (kijazo cha mianya kati ya vigae) nyeusi ikwanguliwe hadi theluthi mbili ya kina cha kigae, maana grauti mpya iliyopakwa juu ya ya zamani hutoka kama maganda. Kona ambapo ukuta unakutana na sakafu zijazwe silikoni badala ya grauti, kwa kuwa sehemu hizo hucheza na grauti itapasuka. Silikoni mpya haishiki juu ya silikoni kuukuu, kwa hiyo ile ya zamani iondolewe yote, pakaushwe, na bafu lisitumike kwa saa 24. Badilisha kifuniko cha choo, kichwa cha manyunyu na kioo. Rangi ya kupaka vigae inafaa ukutani. Sakafuni mwa manyunyu hubanduka mapema.

Sakafu na madirisha

Sakafu ya vigae iliyo imara, hata ya mtindo wa zamani, iache. Kubadilisha sakafu nzima hulipa pale tu vyumba vina sakafu tofauti tofauti au saruji imebomoka. Ukibadilisha, weka aina moja kutoka sebuleni hadi koridoni, nunua asilimia 10 ya ziada, 15 kama vigae vinawekwa kwa mshazari, na uache mwanya wa milimita 5 hadi 8 ukutani chini ya sketing (ubao wa chini ya ukuta). Sakafu isiyo na mwanya huo hujiinua katikati siku ya joto. Terazo na mbao za kweli zilizofifia zisivunjwe. Zikisuguliwa upya huonekana bora kuliko kigae kipya cha bei rahisi.

Kuhusu madirisha, fremu za mbao zilizokaza kwa kawaida zinahitaji randa, bawaba na puti mpya ya vioo tu. Aluminiamu ya kusukuma inavutia, lakini hufunguka nusu tu ya eneo lake, huku dirisha la kufungua kwa bawaba likifunguka karibu lote. Kwenye chumba kidogo chenye joto, tofauti hiyo inasikika mwilini pale pale mnunuzi anapoingia. Ukiweka ya kusukuma, hakikisha vitundu vya kutolea maji chini ya fremu havijazibwa kwa lipu au silikoni. Hilo hutokea mara nyingi mno, na maji humwagika ndani na kuanzisha doa chini ya dirisha.

Umeme: taa za mapambo au soketi

Soketi na usalama kwanza. Taa thelathini za darini hazimsaidii mnunuzi anayeona waya wa kuunganishia ukipita chini ya zulia kwa sababu chumba kina soketi moja. Soketi ziwe kwenye waya wa milimita za mraba 2.5, taa 1.5. Hita ya manyunyu ya wati 5,500 kwenye volti 230 huvuta karibu ampea 24. Iwe na waya wake wenyewe, wa milimita za mraba 4 hadi 6 kulingana na umbali, na breka yake. Kuiunganisha kwenye waya wa soketi ndiko kunakoyeyusha plastiki na kuacha soketi zenye rangi ya kahawia, alama ambayo mkaguzi huiona mara moja.

Weka kifaa cha kukata umeme unaovuja, cha miliampea 30, na waya wa ardhi unaofanya kazi kweli. Kina kitufe cha majaribio. Kibonyezwe mbele ya mnunuzi. Ni sekunde moja inayomtoa hofu kubwa kwa gharama ndogo.

Chumba cha ziada: kugawa au kujenga

Kujenga chumba kipya ni msingi mpya, paa jipya na kiungo kati ya kuta mbili ambazo hutulia kwa kasi tofauti. Ufa wa wima kwenye kiungo hicho karibu hauepukiki kama fundi hakuacha nafasi ya kuachanisha majengo mawili. Kugawa sebule kubwa kwa ukuta mwepesi wa jipsamu ni wiki moja.

Kugawa kunashinda ikiwa pande zote mbili zitabaki na dirisha lake na chumba kipya kitakuwa na angalau mita za mraba 7. Chini ya hapo mnunuzi anaona stoo, na umemharibia sebule bure. Nyumba ikiwa na vyumba vya kutosha na sebule ya giza, kinyume chake huwa bora: bomoa ukuta. Ila kwanza panda darini uone kama kenchi au boriti zinaukalia. Ukuta unaobeba usiguswe bila mhandisi.

Chumba kilichojengwa bila kibali huweza kukwamisha mauzo kabisa, kwa kuwa ramani haitalingana na kilichopo, na mthamini wa benki ya mnunuzi anaweza kukataa kukihesabu.

Nje: mlango na geti dhidi ya bwawa

Mlango wa mbele uliopigwa msasa na kupakwa upya, kitasa kisichocheza, geti lisiloburuza chini, namba ya nyumba inayosomeka, taa moja mlangoni. Vyote kwa pamoja ni sehemu ndogo ya bei ya bwawa la kuogelea, na vinamgusa kila anayekuja. Bwawa linahitaji pampu, dawa na uzio kila mwezi wa maisha yake. Wenye watoto wadogo huliogopa, wenye bustani huona limewala ardhi. Kama lipo, lisafishe. Kama halipo, usichimbe.

Tangi la maji lina faida zaidi mahali maji yanapokatika. Lita 1,000 ni tani moja kabla ya kuhesabu tangi lenyewe, kwa hiyo mnara ujengwe kwa hesabu hiyo. Kila mita ya kimo huongeza takriban baa 0.1 tu ya msukumo, na tangi lililo mita 3 juu ya bafu litatoa manyunyu mepesi bila pampu.

Kulingana na muda ulionao

Ukiwa na wiki mbili: mifereji ya paa, bomba zinazodondosha, silikoni na grauti, mlango wa mbele, rangi sebuleni na kwenye korido. Usiguse jiko.

Ukiwa na miezi mitatu: paa kwanza, kisha ardhi inayozunguka nyumba, umeme, bafu, milango ya kabati, na rangi mwisho kabisa. Mpangilio huo usivurugwe, kwa sababu fundi umeme atakayechimba ukuta baada ya rangi atakulipisha rangi mara mbili.

Ukiwa na mwaka, sasa bafu la pili na kukausha ukuta vinawezekana. Piga picha za mabomba na nyaya kabla hazijafunikwa, ukiweka futi kamba ndani ya picha ili umbali kutoka kona usomeke. Tunza risiti, dhamana na vibali kwenye faili moja, pamoja na namba ya rangi iliyopakwa kila chumba, ili mnunuzi ajue pa kuchimba na pa kutochimba siku bomba litakapopasuka.